Kabla Hujalipa, Pindua Chombo

Anayetafuta jagi, birika au chombo cha maua cha kale kwa ajili ya nyumba yake hana haja ya kuagiza mbali ikiwa yuko pwani yetu. Kwa zaidi ya miaka elfu moja bandari hizi zimepokea vyombo kutoka Uchina, Uajemi, Bara Hindi, Arabuni na baadaye Ulaya, na vingi vilivyoshushwa hapa havikupanda tena jahazi. Viko majumbani, viko madukani katika Mji Mkongwe wa Unguja, Mji wa Kale wa Mombasa na Lamu, viko hata kwa wanunuzi wa vyuma chakavu wanaopima shaba kwa kilo. Kazi iko kwenye kuchagua. Rafu moja hubeba dele lililomimina kahawa vizazi vitatu pamoja na jingine lililotoka kwa fundi mwaka jana, likapakwa dawa ya viatu ili lionekane kuukuu, na muuzaji atakuapia kwamba yote mawili ni ya enzi za Sultani.

Ushauri wangu wote unasimama juu ya jambo moja: chombo cha kale ni chombo kilichofanya kazi, na kazi huacha alama mahali pake. Jagi lililotumika miaka mingi limelika pale liliposhikwa, pale lilipomiminia na pale lilipokalia. Lililozeeshwa kwa ujanja limechakaa kila mahali sawasawa, hata pembeni ambako hakuna kidole kilichowahi kufika. Ukijua kusoma kulika huko, utanunua vizuri hata kama hukumbuki jina la mfalme mmoja wa Uchina.

Utakutana na vyombo gani

Dele la kahawa ndilo linaloulizwa zaidi: kiuno chembamba, mdomo uliopinda na kuchongoka, mfuniko wenye kichwa kirefu. Umbo hili lina asili ya Arabuni, na ndugu zetu walioko Oman wanaweza kulitafuta katika masoko ya Nizwa na Mutrah. Mrashi nao una wapenzi wake: tumbo la mviringo, shingo ndefu, na kichwa chenye vitundu vya kunyunyizia marashi wageni wa harusini na maulidini. Upo wa fedha, wa shaba na wa kioo. Wa kioo ni wa kuangaliwa kwa makini zaidi, maana kichwa chake cha madini hupotea mapema, na mara nyingi hubandikwa kingine kisichowiana.

Upande wa kauri, vitu vingi utakavyoonyeshwa kwa jina la "Kichina" vilitoka Ulaya katika karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20. Kuna majagi makubwa ya Kiingereza yaliyouzwa pamoja na beseni la kunawia, kabla ya mabomba kuingia vyumbani. Kuna mabakuli na vyombo vya Maastricht, Uholanzi, mji ambako Petrus Regout alianzisha viwanda vyake katika miaka ya 1830 na ambao bidhaa zake zilifika kwa wingi Zanzibar. Kuna pia lile pambo la buluu lenye mti ulioinamisha matawi, daraja, watu wadogo na ndege wawili angani. Wengi huliona wakaamini limetoka Uchina. Ni la wafinyanzi wa Uingereza, waliolibuni mwishoni mwa karne ya 18 kwa kuiga mtindo wa Kichina, na limechapishwa mpaka leo. Si vibaya kulinunua. Vibaya ni kulilipia bei ya Uchina.

Vya Uchina vyenyewe vipo, na historia yake hapa ni ya kweli. Magofu ya Gede karibu na Malindi, na Kilwa Kisiwani ambako Ibn Battuta alifika mwaka 1331, yametoa vigae vingi vya kauri ya Uchina pamoja na vyombo vya Uajemi. Katika nyumba za mawe za Lamu na Pate za karne ya 18, ukuta wa ndani ulijengwa zidaka za chokaa safu kwa safu, na vyombo vya kauri vikapangwa humo. Mbali na vyombo vyembamba vya mezani kulikuwa na mitungi mikubwa ya rangi ya kahawia, mizito, yenye masikio madogo mabegani ya kupitishia kamba. Wataalamu huiita kwa jina la Martaban, bandari ya Burma iliyopitishia mitungi hiyo, ingawa mingi ilifinyangwa kusini mwa Uchina na nchi jirani. Ilitumiwa kusafirishia vyakula na vinywaji, kisha ikatumiwa kuhifadhia maji na samli katika nyumba za huku.

Usiupuuze udongo wetu. Mtungi wa maji, kuzi lenye mkono na shingo nyembamba, gudulia la kupoozea maji, chungu cha Wakisi kutoka Ikombe, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, vyote hukaa vizuri sebuleni, na huwa rahisi kuvipata kutoka kwa mtu aliyevitumia mwenyewe. Hapo unaweza kuuliza na ukajibiwa kwa uhakika.

Kitako kwanza

Ukishika chombo, pambo la mbele lisubiri. Omba ruhusa, ondoa mfuniko, weka mkono mmoja ndani au chini ya tumbo, mwingine kwenye kitako, kisha kipindue juu ya kitambaa. Usikinyanyue kwa mkono wake, kwa sababu hapo ndipo vyombo vingi vilipovunjika na kuungwa.

Mahali kitako kinapogusa meza pana duara lisilopakwa mng'aro. Katika chombo kilichokaa juu ya rafu na meza miaka mingi, duara hilo limelainika, limeshika uchafu uliozama, na mikwaruzo yake inakwenda kila upande, kwa sababu watu walikisogeza huku na huku bila mpango. Aliyekizeesha kwa msasa huacha mistari inayolingana, yote ikielekea upande mmoja. Aliyekipaka chai, moshi au dawa ya viatu huacha rangi iliyokaa juu juu. Lowesha pamba kwa maji ya sabuni, futa sehemu ndogo. Uchafu wa miaka hautoki kwa mara moja, wa jana hutoka ukaacha pamba nyeusi.

Kisha tafuta maandishi. Sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1890 ilidai kwamba kuanzia 1891 bidhaa za kigeni ziandikwe jina la nchi zilikotoka. Viwanda vilivyouza dunia nzima vikaanza kuandika hivyo kwenye bidhaa zao. Kwa hiyo jagi lenye neno "England" chini yake kwa kawaida ni la baada ya 1891, na lenye "Made in England" mara nyingi ni la karne ya 20. Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, alifariki mwaka 1888. Ukionyeshwa jagi lenye maneno hayo na ukaambiwa lilitoka mezani pake, huna haja ya kubishana, mshukuru muuzaji uendelee na rafu nyingine.

Kuna dalili nyingine chache za kuweka kichwani. Alama ya umbo la almasi yenye herufi na namba pembeni ni ya usajili wa Uingereza wa kati ya 1842 na 1883. Kuanzia 1884 ilifuatiwa na namba inayotanguliwa na "Rd No". Vyombo vya Japani vilivyokwenda Marekani viliandikwa "Nippon" kuanzia 1891, na baada ya 1921 vikaandikwa "Japan". Ukiona "Dishwasher safe", hata ukiapiwa vipi, hicho ni chombo cha juzi.

Maandishi ya Kichina ndiyo yanayodanganya wengi. Herufi nne au sita zilizopangwa chini ya chombo mara nyingi hutaja enzi ya mfalme, lakini kutajwa kwake si ushahidi kwamba chombo ni cha enzi hiyo. Wafinyanzi wa wakati wa Kangxi, 1662 hadi 1722, waliandika jina la Chenghua aliyetawala karne mbili kabla yao, wakiwaenzi waliotangulia. Wa karne ya 19 wakaandika jina la Kangxi. Wa leo huandika lolote linalouzika. Chukua herufi hizo kama sehemu ya pambo, na umri uutafute kwenye udongo, mng'aro na kulika.

Hata kukosa alama si kasoro. Vyombo vingi vizuri vya Ulaya vya nusu ya kwanza ya karne ya 19 havikuandikwa kitu. Katika hivyo tafuta alama za tanuri: vidoti vitatu vidogo vilivyoachwa na vijiguu vya udongo vilivyotenganisha vyombo wakati wa kuchomwa. Tafuta pia maungio ya pambo. Zamani pambo la buluu lilichapishwa kwenye karatasi laini, kisha karatasi ikalazwa juu ya jagi kwa mkono. Karibu na mkono wa jagi, ambako fundi alilazimika kukata na kuunga, utaona maua yaliyokatika nusu, mstari uliopanda juu ya mwenzake, au pengo dogo jeupe. Pambo linalozunguka jagi zima bila kosa hata moja ni la kutiliwa shaka.

Mkono, mdomo na tumbo

Baada ya kitako, pitisha kidole polepole kwenye ukingo wa juu, mdomo wa kumiminia na mahali mkono ulipoungana na tumbo. Fumba macho ukifanya hivyo, kidole huhisi kitu ambacho jicho limekiruka. Sehemu iliyojazwa gundi au lipu huwa laini kuliko mng'aro wa kweli na haina ubaridi wake. Rangi iliyopakwa juu ya kiraka mara nyingi hupitiliza kidogo mpaka kwenye sehemu nzima, ili kuficha mpaka.

Chukua simu, washa tochi, ielekeze ndani ya chombo huku ukitazama nje mahali penye kivuli. Kauri nyembamba ya Uchina hupitisha mwanga, na ufa mwembamba usioonekana kwa kawaida hujichora mstari mweusi. Chombo cha udongo uliopakwa mng'aro hakipitishi mwanga, hata kikifanana na kauri kwa nje. Ile tochi ndogo ya mwanga wa zambarau wanayokagulia noti bandia ni rafiki mkubwa wa mnunuzi: gundi na rangi nyingi za kukarabatia hung'aa tofauti na kauri iliyo chini yake, hasa kwenye giza.

Gonga tumbo kwa ukucha, chombo kikiwa kimekaa juu ya kiganja. Kauri nzima hulia na sauti ikadumu kidogo. Yenye ufa hutoa mlio mfu. Usitegemee kipimo hiki kwa vyombo vya udongo laini, vyenyewe havina mlio hata vikiwa vizima.

Vijiufa vidogo vinavyotandaa ndani ya mng'aro si lazima viwe kasoro. Hutokea pale udongo na mng'aro vinapotanuka na kusinyaa kwa kiasi tofauti. Katika chombo cha kweli vimeshika rangi kwa viwango tofauti: vyeusi karibu na mdomo palipopita chai au mafuta, vyepesi palipokuwa pakavu. Vikiwa vyote vimekolea rangi moja kuanzia juu hadi chini, kuna mtu aliyekitumbukiza chombo kizima kwenye chai.

Shaba ina vipimo vyake

Kwa dele, birika na mrashi wa shaba, anza na sumaku ndogo. Shaba, iwe nyekundu au ya manjano, haivutwi na sumaku. Ikivutwa, unacho chuma kilichopakwa rangi. Kisha tazama ndani. Vyombo vya mkono vilivyotengenezwa kwa bamba lililokunjwa vina mstari wa maungio, na katika kazi nzuri za zamani mstari huo umekatwa meno yanayoingiana kabla ya kuchomelewa. Vilivyotengenezwa kwa mashine ya kuzungusha vina duara nyingi nyembamba zinazofuatana. Vilivyomiminwa kwenye kalibu huwa vizito, na ndani yake kuna chembechembe ambazo hazikusuguliwa.

Sasa tazama kazi iliyofanywa. Dele halisi bawaba yake imelegea kwa kufunguliwa. Kile kishikio cha mfuniko ambacho kidole gumba hukisukuma kimelainika upande mmoja tu. Nakshi zimefifia kwenye uvimbe wa tumbo zilikosuguliwa kila wiki, lakini zimebaki kali kwenye mabonde na chini ya mkono ambako kitambaa hakikufika. Kitako kina kumbukumbu ya moto au makaa. Ukikuta nakshi zimefifia sawa kila mahali na bawaba imekaza kana kwamba imefungwa leo asubuhi, bei ya dele hilo iwe bei ya dele jipya.

Rangi ya kijani nayo ichunguzwe. Kutu ya shaba inayokuja yenyewe hujikusanya kwenye pembe na maungio, ikishikana na madini. Inayotokana na tindikali hutanda juu ya mwili wote, mara nyingi kwa unga unaotoka ukisuguliwa kwa kidole.

Kabla ya kwenda dukani, ulizia bei ya kilo ya shaba kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Hiyo ndiyo sakafu ya bei: muuzaji hatashuka chini yake kwa sababu anaweza kukiuza chombo kikayeyushwe. Juu ya hapo ndipo unapolipia ufundi, umri na hali.

Bei na mazungumzo

Biashara ya vitu vya kale kwetu ni ya mazungumzo, na asiyesalimia hapati bei. Ingia kwa adabu: "Shikamoo mzee," "Marahaba, karibu," kisha uliza kuhusu chombo ambacho hukitaki kabla ya kile ulichokuja kukitafuta. Usiulize "Hiki ni cha mwaka gani?" kwa sababu umemfungulia mlango wa kutaja karne yoyote. Uliza, "Kilitoka nyumba ya wapi?" na "Kilikuwa cha kazi gani?" Aliyekinunua kwa familia fulani atakuwa na la kusema kuhusu jiko, sebule au harusi, na maneno yake utaweza kuyapima kwa kutazama chombo chenyewe.

Pengo na ufa vina bei. Katika kauri, ufa unaopita tumboni au mkono uliovunjika na kuungwa hushusha thamani mara nyingi chini ya nusu ya chombo kizima, hata kama ukarabati ni mzuri. Mfuniko uliopotea hushusha sana birika na dele. Kasoro iliyotajwa na muuzaji mwenyewe mpe heshima yake. Uliyoigundua wewe, ionyeshe kwa upole na iachie nafasi ya bei kushuka. Usikiponde chombo cha mtu mbele ya wateja wake, utakilipia zaidi.

Waswahili husema rahisi huvunja upishi, lakini kwa anayeanza nitashauri kinyume kidogo: kitu cha kwanza nunua kilichovunjika. Bakuli lenye pengo au jagi lisilo na mkono huuzwa kwa bei ya soda chache, na kwenye pengo utaona mwili wa chombo jinsi ulivyo. Kauri ni nyeupe na ngumu mpaka katikati, imeshikana na mng'aro wake. Udongo wa Kiingereza ni mweupe lakini una vinyweleo, ukiugusa kwa ulimi hushika. Mtungi wa kahawia kwa ndani ni wa kijivu na una changarawe. Ukishaona tofauti hizi kwa jicho lako, utazitambua hata kwenye chombo kizima kwa kuangalia lile duara la kitako.

Kabla ya kutoa pesa kubwa, tembelea makumbusho. Fort Jesus Mombasa pana vyombo vilivyochimbwa pwani nzima, pamoja na vitu kutoka Santo António de Tanná, meli ya Wareno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697 wakati Waomani walipoizingira. Makumbusho ya Lamu na ya Gede nayo yana vyombo vya kutazamwa kwa utulivu. Angalia maumbo, rangi za buluu na unene wa kingo. Saa mbili mbele ya vyombo visivyo na shaka zitakufaa zaidi ya miezi ya kutazama picha kwenye simu.

Kisichopaswa kuuzwa

Kuna vyombo ambavyo hata vikiwa vya kweli, bora na vya bei ndogo, usiviguse. Makaburi ya nguzo ya Kunduchi karibu na Dar es Salaam na la Mambrui karibu na Malindi yalipambwa mabakuli ya kauri yaliyozamishwa ndani ya chokaa. Misikiti mingi ya kale nayo ilipambwa hivyo kwenye mihrabu. Mengi yameng'olewa, na pale yalipokuwa pamebaki mashimo ya duara. Ukiletewa bakuli au sahani ya kale yenye chokaa iliyoganda mgongoni na kwenye duara la kitako, jua ilikuwa ukutani. Ukiinunua umemlipa aliyemvunjia marehemu kaburi, na kesho atakwenda kung'oa nyingine.

Vivyo hivyo kwa vyombo vyenye udongo mbichi wa kuchimbuliwa au magamba ya baharini. Kikiwa cha kweli, kimeibwa mahali pa urithi. Kikiwa cha uongo, umeibiwa wewe. Wakenya wanakumbuka vigango vya Wamijikenda, nguzo za mbao za kuwakumbuka wafu, vilivyong'olewa mahali viliposimikwa vikaishia Marekani. Makumbusho ya Denver yalikubali kurudisha 30 mwaka 2014, lakini familia nyingi zilikuwa zimekwisha kupoteza kumbukumbu za wazee wao.

Sheria nazo zipo. Nchini Kenya, Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inavihesabu kuwa mambo ya kale vitu vinavyohamishika vilivyotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895, na kuvitoa nje kunahitaji kibali. Tanzania Bara inayo Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, inayoweka mpaka wake mwaka 1863. Zanzibar ina taasisi zake zinazosimamia makumbusho na mambo ya kale. Ukitaka kumpelekea ndugu yako London au Toronto chombo chenye umri, uliza kibali kwanza, na hakikisha una risiti. Jagi la Kiingereza la mwaka 1920 halitakusumbua, lakini afisa wa uwanja wa ndege hana wajibu wa kukisia umri wake bila karatasi.

Kikishafika nyumbani

Chombo kipya kwako kisiingie moja kwa moja jikoni. Shaba nyekundu na ya manjano zilipakwa bati kwa ndani ili chakula na kinywaji visiguse madini yenyewe. Bati likishatoboka, kahawa iliyolala humo hubeba sumu ya shaba. Vyombo vya udongo vyenye mng'aro wa rangi kali vinaweza kuwa na risasi, na maji ya ndimu, ukwaju au siki huiyeyusha. Dele la kale liweke la kutazamwa, au ulipeleke kwa fundi alitie bati upya kabla halijamiminiwa mgeni kahawa.

Kwa maua, usimimine maji ndani ya jagi la kale. Udongo wenye vijiufa hunyonya maji, hutoka madoa ya kahawia, na siku moja utakuta duara la unyevu juu ya meza. Weka bilauri au kopo la plastiki ndani yake, maji yakae humo. Asumini na vilua havina bua la kusimama, hivyo viache kwenye vikuba na sinia. Jagi lenye shingo pana hupendeza kwa mrehani, matawi ya mkadi au waridi lenye bua refu. Chombo chembamba na kirefu kitilie kifuko cha mchanga mkavu chini, kiwe kizito. Kaskazi ikivuma na madirisha yakiwa wazi, pazia moja linatosha kukiangusha.

Kusafisha kuwe kidogo. Kauri ioshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, ndani ya beseni la plastiki lililotandikwa taulo, kimoja kimoja. Chenye ukarabati kisilowekwe, gundi za zamani huachia. Shaba hung'aa kwa ndimu na chumvi au kwa ukwaju, na bibi zetu walitumia jivu, lakini tindikali ikiachwa muda mrefu hula zinki na kuacha mabaka mekundu juu ya shaba ya manjano. Paka, suuza upesi, kausha kabisa. Zaidi ya hapo, usilisugue dele mpaka nakshi ziishe. Ile rangi iliyopoa na iliyokolea kwenye mabonde ndiyo inayoonyesha umri wake, na mnunuzi anayejua huilipia.

Tena, mali bila daftari hupotea bila habari. Kila chombo kiandikie ukurasa: ulikonunua, bei, muuzaji alisema nini, ulichokiona mwenyewe kwenye kitako, kasoro zake, na picha tatu, ya mbele, ya kitako na ya mahali penye ufa. Tenganisha maneno ya muuzaji na ushahidi wa chombo. Watoto wako wakirithi rafu hiyo bila daftari, watauza dele la kweli kwa bei ya kilo na kulitunza lile lililopakwa dawa ya viatu.

Mwisho, usijaze nyumba. Chagua aina moja uanze nayo, iwe mirashi, iwe majagi ya buluu, iwe mitungi ya udongo, na uishike mpaka uweze kutofautisha kizuri na kizuri zaidi. Mwenye majagi matano aliyoyachagua kwa makini huwa anajua zaidi ya mwenye vyombo hamsini vya kila namna, na nyumba yake hupumua. Ukienda dukani wiki ijayo, beba sumaku, tochi, kitambaa, pamba na kichupa cha maji ya sabuni. Pesa ziache kwa mwenzako, akukabidhi baada ya wewe kukipindua chombo.